Aliyetutukana Getini, Tukamkabidhi Kipimo

Kiwanda chochote kinachonunua zabibu Dodoma kina mtu wake ambaye akishuka tu kwenye gari, walinzi wanaanza kutazamana. Wetu alikuwa mama mmoja wa Mpunguzi, mjane wa makamo, mwenye shamba la zabibu nyekundu, ile aina ya Makutupora, alilolirithi kwa marehemu mumewe kisha akaliongeza kwa jasho lake mwenyewe. Jina lake silitaji. Yupo, na hajanituma. Mimi nilikuwa afisa manunuzi. Msimu ukifika kazi yangu ilikuwa kusimama getini tangu alfajiri, kupokea magari ya Hombolo, Mvumi, Matumbulu na kwingineko, kusimamia upimaji na kusaini hati za mapokezi. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa anatukana na mimi ndiye niliyekuwa natukanwa.

Si kwamba alikuwa mtu wa matusi ya nguoni. Alikuwa na ulimi. Alikuwa akipanda nyuma ya Canter, anasimama kando ya kreti zake, anawatangazia wenzake waliopanga foleni, Kigogo kidogo, Kiswahili kidogo, kwamba kipimo cha kiwanda hiki kimekunywa mvinyo wa kiwanda hiki, ndiyo maana kila ikifika saa sita mchana kinaona maruweruwe. Foleni nzima inaangua kicheko, madereva wanapiga honi, na mimi nimesimama pale na kalamu mkononi.

Kwa wasioijua biashara hii: zabibu za mvinyo hununuliwa kwa kilo, lakini kabla ya kufika kwenye mizani kuna suala la sukari. Chachu hula sukari iliyomo kwenye juisi na kuigeuza kuwa kilevi. Sukari ikiwa pungufu, mvinyo unakuwa mwepesi na haukai. Ndiyo maana getini kuna kipima sukari (si kile cha hospitali). Ni kifaa kidogo cha kushika mkononi chenye kioo kwenye ncha. Unakamulia tone la juisi juu ya kioo, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia kwa jicho moja. Ndani kuna namba, na kuna mstari ambapo rangi ya bluu inakutana na nyeupe. Mstari ukigusa 18, maana yake kwenye kila gramu 100 za juisi, takriban gramu 18 ni sukari. Kwetu 18 ndiyo ilikuwa mlango. Chini ya hapo, gari linageuzwa.

Kugeuziwa gari la zabibu si jambo dogo. Ndizi ikikataliwa ikiwa mbichi unaweza kuivundika. Embe hivyohivyo. Zabibu ikishakatwa haiivi tena. Sukari iliyotoka nayo shambani ndiyo hiyohiyo. Unachoweza kufanya ni kukimbilia Majengo sokoni ukauze kwa bei ya kutupa, au kama una vifaa ukakamue ubaki na mchuzi, yaani juisi ya zabibu iliyokamuliwa, ukitafuta wa kuununua.

Sasa, lalamiko la yule mama lilikuwa moja, na alilirudia msimu hadi msimu: zabibu za shamba moja, zilizokatwa siku moja na watu walewale, gari la asubuhi linapita, gari la mchana linarudishwa. Ofisini jibu letu nalo lilikuwa moja. Meneja wa uzalishaji alikuwa anasema kifaa kimetoka nje ya nchi, hakina undugu na mtu. Mwenzangu wa masoko alikuwa anataka apigwe marufuku kuleta mzigo, kwa sababu anachafua jina la kampuni mbele ya wateja. Meneja mkuu alikuwa akisikia jina la Mpunguzi anabadilisha mada.

Kilichonifanya nianze kumsikiliza kwa sikio jingine ni daftari la mapokezi. Kulikuwa na wakulima ambao miaka ya nyuma majina yao yalikuwepo kila mavuno, yale ya Februari na Machi na yale ya Agosti na Septemba, halafu ghafla hayapo. Hawakupiga kelele. Hawakuandika barua. Walirudishwa na gari siku moja, wakanyamaza, mzigo uliofuata wakampa dalali. Hatukujua walichokasirikia, na hakuna aliyewauliza. Yule mama naye alikuwa anarudishwa, anatutukana, na wiki inayofuata yupo foleni tena. Nikajiuliza, kati ya hawa wawili, nani bado ana imani na sisi? Anayekusema usoni bado anakutarajia. Hilo sikulisoma popote, nililiona kwenye daftari.

Ruhusa ya kumwita haikutokana na upendo. Ulikuja msimu wa kiangazi ambapo matangi yalibaki nusu na magari tuliyoyazoea tukawa tunayaona yakipita barabarani kwenda kwa wengine. Meneja mkuu akaniita, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Haya, mleteni huyo mama yenu." Nikaenda Mpunguzi.

Aliniacha nisubiri kwenye kivuli cha mbuyu hadi alipomaliza kunyunyizia dawa mistari yake. Alipofika nikasimama.

"Mbukwenyi mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeniletea barua ya kunifukuza?"

"Hapana mama. Nimetumwa nikuombe uje kiwandani utukague."

Alicheka hadi kijana aliyebeba bomba la dawa akageuka kutazama. "Nije ninywe maji ya chupa, nile biskuti, mnipige picha, kesho mseme mama wa Mpunguzi ameridhika?"

Nilimwambia hapana, lakini ukweli ni kwamba mwenzangu wa masoko alikuwa amepanga hivyohivyo, biskuti ikiwemo.

Masharti yake aliyatoa palepale. Atakuja na wenzake wawili, mmoja awe kijana wa kidato cha nne anayejua kuandika. Kipimo akishike kwa mkono wake. Atakachokiona atawaambia wakulima, kiwe kizuri au kibaya, na kampuni isimuwekee maneno mdomoni. Kuhusu hela, nauli atapokea kwa sababu anaacha kazi zake, lakini posho hataki. "Nauli ni ya miguu yangu," alisema. "Posho ni ya mdomo wangu, na mdomo siuzi."

Hapa niseme kidogo kuhusu posho, maana ndiyo inayoua jambo hili katika nchi yetu. Kampuni nyingi, na hata ofisi zisizo kampuni, zinajua kumwalika mlalamikaji. Zinamweka hotelini, anakula chakula cha mchana, anasaini karatasi ya bahasha, na mchana huohuo lalamiko linakufa bila kujibiwa. Unakuwa umenunua ukimya. Tatizo bado lipo, na sasa yule aliyekuwa analiona hawezi kulisema, kwa hiyo umepoteza mara mbili. Yule mama hakusoma chuo chochote cha biashara, lakini alilijua hilo kuliko idara yetu nzima ya masoko.

Miaka kadhaa baadaye nikaja kusoma habari za kampuni ya McDonald's ya Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa inashambuliwa kwa sababu ya maboksi yake ya povu ya kufungia chakula. Agosti 1990 ikakubaliana na shirika la mazingira la Environmental Defense Fund kufanya kazi pamoja juu ya taka zake. Shirika halikuchukua fedha za kampuni, lilibaki huru kuikosoa, na watu wake waliingia kufanya kazi ndani ya migahawa ili waone taka zinatokea wapi. Novemba mwaka huohuo kampuni ikatangaza kuyaacha maboksi yale. Nilipofika kwenye yale masharti nikacheka peke yangu. Mpunguzi tupu.

Kuna mfano wa pili unaoenda kinyume kidogo na wa mama. Mwaka 2016 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwakaribisha wadukuzi wajaribu kuvunja baadhi ya tovuti zake za umma, na iliwalipa. Zaidi ya watu 1,400 walijiandikisha, na kasoro 138 zikakubalika kuwa za kweli. Kwa hiyo fedha yenyewe haina dhambi. Pale mtu alilipwa kwa kuleta kasoro. Bahasha yetu ya posho hulipa ili kasoro isiletwe.

Nirudi getini. Yule mama alifika na wenzake asubuhi, akakishika kile kifaa, akakigeuza geuza. Jambo la kwanza alilosema lilimshangaza meneja wa uzalishaji: "Wekeni maji." Kumbe yule kijana wake alikuwa ameuliza mwalimu wake wa zamani wa sayansi, akaambiwa kwamba kifaa hicho ukikiwekea maji matupu lazima kisome sifuri. Ni kweli. Tukatuma mtu dukani kwa vipuri akanunue maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, tukadondosha tone. Sifuri. Meneja akatabasamu. Mama naye akatabasamu, akavuta kiti.

"Sasa tusubiri jua."

Kifaa kikakaa pale kilipokuwa kikikaa siku zote, juu ya meza ya chuma chini ya bati, pembeni ya mizani. Wanaoijua Dodoma ya Septemba wanajua lile bati linakuwaje ikifika saa saba. Tukarudia maji yaleyale. Mstari ulikuwa umezama chini ya sifuri hadi hauonekani kwenye namba.

Maelezo yake si ya ajabu kwa mtu wa maabara. Kifaa cha aina ile husoma sawasawa kikiwa kwenye nyuzi joto 20. Joto likipanda, juisi inaupinda mwanga pungufu ya kawaida, na namba inashuka. Kwenye nyuzi 30 unapoteza takriban robo tatu ya namba moja kwenye kipimo cha sukari. Viko vifaa vinavyojirekebisha vyenyewe. Chetu hakikuwa kimojawapo. Zabibu yenye 18 na nusu asubuhi ilikuwa inasomeka 17 na robo tatu mchana, na gari linageuzwa. Shamba moja, siku moja, watu walewale.

Hapakuwa na mwizi. Na hapa ndipo kuna jambo ambalo naona watu wengi wa makampuni wanalikosa. Yule mama kwa miaka yote alikuwa anaamini tunaiba. Alikuwa amemwona karani wetu akizungusha skrubu ndogo kwenye kifaa kwa bisibisi, akahitimisha kwamba anapunguza sukari za watu. Karani alikuwa anakirekebisha, tena vizuri, lakini asubuhi kwenye baridi. Kuhusu nia zetu mama alikuwa amekosea kabisa. Kuhusu kipimo alikuwa amepatia kabisa. Ofisini tulikuwa tunasikia lile la wizi tu, tunachukia, tunajitetea kwamba sisi si wezi, na kweli hatukuwa wezi, basi mjadala unaishia hapo. Lile la asubuhi na mchana, ambalo ndilo lilikuwa na thamani ya mamilioni, tulilitupa pamoja na tusi lililokuja nalo.

Kabla jua halijatua akatutajia na jingine. Karani alikuwa anachuma punje za kupima kwenye ncha ya kichala, kwa kuwa ndizo zinazoning'inia karibu na mkono. "Mkiani huko ndiko kuchachu," mama akasema, "onjeni mabegani." Tukaonja. Punje za juu, karibu na kikonyo, zilikuwa tamu zaidi kwa wazi. Na tulikuwa tunahukumu gari zima kwa kreti moja.

Halafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Akaeleza ujanja wa wakulima wenzake. Akaonyesha jinsi kreti inavyopangwa mabivu juu na mabichi chini, akaonyesha na namna ya kuigundua bila kuimwaga: ingiza mkono pembeni hadi chini, uvute kichala kimoja. Wenzake wawili waliangalia pembeni. Yule kijana aliacha kuandika. Nadhani alifanya hivyo kwa sababu zabibu zake yeye zilikuwa zinakaa foleni moja na za wajanja, na kipimo kikiwa kibovu mjanja na mkweli wanarudishwa sawa. Kikiwa sahihi, mkweli ndiye anayenufaika.

Mabadiliko yenyewe nitayapita haraka. Kipimo kilihamia chumba cha ndani chenye feni hadi kiliponunuliwa kile kinachojirekebisha. Tone la maji likawa linapimwa kila saa na matokeo yake yanaandikwa kwa chaki ubaoni, upande wa foleni. Punje zikawa zinachumwa begani, katikati na mkiani, kutoka kreti kadhaa, zinakamuliwa kwenye kikombe kimoja. Vijiji vikapangiwa siku ili watu wakate alfajiri na kufika mapema. Hili la mwisho ndilo lililomfurahisha meneja wa uzalishaji, aliyekuwa mbishi kuliko wote. Zabibu zikikaa juani kwenye gari zinajikandamiza kwa uzito wake, juisi inavuja, inzi wanajaa, na chachu za porini zinaanza kazi kabla yako. Alikuwa akipambana na harufu hiyo ndani ya matangi kila msimu na hakuwahi kuihusisha na foleni ya getini. Foleni haikuwa idara yake.

Shida ilianza tulipofanikiwa. Masoko wakamshonea mama fulana yenye nembo, wakataka awe balozi wa wakulima, picha yake ikae kwenye kalenda ya mwaka mpya. Kisha likaja wazo la kumpa ajira kabisa, msimamizi wa mahusiano na wakulima. Nilipinga kwenye kikao hadi nikaonekana namwonea wivu. Kwa maoni yangu, siku anapovaa fulana ile macho yake yanabaki yaleyale ila hakuna atakayeyaamini tena, na sisi tulikuwa tunayahitaji kwa sababu yanaaminika. Tayari vijijini walikuwa wameanza kunong'ona kwamba amelishwa. Yeye mwenyewe aliitatua: fulana alimvisha mdoli wa kufukuza ndege shambani kwake, wote wanaopita barabarani wakaiona, minong'ono ikakoma. Kalenda ikatoka na picha ya kichala.

Msimu uliofuata alikuwa juu ya Canter tena. Safari hii ni kreti. Tulikuwa tunakata kilo mbili kwa kila kreti kama uzito wa kreti tupu, na alikuwa ameshapima za kwake nyumbani, hazifiki. Mlinzi mgeni alitaka kumshusha. Tulileta kreti tupu, kavu na zilizolowa, tukazipanga kwenye mizani mbele ya watu, tukarekebisha makato siku hiyohiyo. Lilichukua muda mfupi kuliko chai ya saa nne. Zamani lingetuchukua miaka na wakulima kadhaa.

Palipotushinda ni malipo. Wakulima walikuwa wanalipwa kwa kuchelewa, mara nyingine msimu mwingine unakaribia na hela za uliopita hazijaisha kulipwa. Mama akaomba aone ratiba: nani analipwa kwanza, kwa utaratibu upi. Nililipeleka. Jibu lililotoka juu lilikuwa kwamba vipimo ni mambo ya ufundi, malipo ni mambo ya bodi. Nililielewa jibu hilo, na nililichukia. Kumfungulia mkosoaji chumba cha vipimo kulitugharimu kifaa kimoja, feni na chaki. Chumba cha fedha kingegharimu zaidi, kwa hiyo kilibaki na kufuli, na akajua kwamba tunamsikiliza hadi pale kusikiliza kunapokuwa rahisi.

Hakutukana. Hilo ndilo lililonishtua. Alinishukuru, akauliza habari za watoto, akaondoka, na mavuno yaliyofuata jina lake halikuwepo kwenye daftari. Yeye na wenzake wa kijijini walikuwa wameunda kikundi, wamenunua mashine ya kukamulia na matangi, wanauza mchuzi wa zabibu kwa wanaolipa mapema. Na majina mengine ya Mpunguzi yakaanza kupungua moja moja, kimyakimya.

Mimi nilishatoka pale, nafanya kazi nyingine mjini. Juzijuzi meneja mpya wa kile kiwanda alinipigia akiomba namba ya simu ya mama; amesikia habari zake, angependa waanze upya ushirikiano. Nikamwambia siwezi kuitoa kabla sijamuuliza mwenyewe. Nikampigia mama.

"Waambie waje," alisema, "ila waje na vitabu vya malipo. Kipimo nilishakiona."